Uzi: Obama hakuzaliwa Makadara, na sisi watu wa Mombasa tuache kulirudia jambo hili

Mwanamvita:

Assalaam aleikum ndugu na dada zangu. Imerudi tena katika makundi yetu ya simu ile picha ya cheti kinachodaiwa kuwa cha kuzaliwa kwa Barack Obama, chenye jina la Hospitali Kuu ya Pwani, na chini yake maneno ya kujigamba kwamba Rais wa 44 wa Marekani ni mwana wa Mombasa aliyezaliwa pale Makadara. Nimewaona watu wazima ninaowaheshimu wakiisambaza kwa furaha. Nafungua uzi huu kwa sababu ninaamini kwamba sisi, kuliko watu wengine wote, hatupaswi kulifurahia jambo hili, na ningependa tulijadili kwa ushahidi.

Nianze na yaliyothibitishwa. Barack Hussein Obama alizaliwa Honolulu, katika jimbo la Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961, saa moja na dakika 24 usiku, katika hospitali ya uzazi ya Kapiolani. Hawaii ilikuwa jimbo kamili la Marekani tangu Agosti 1959. Magazeti mawili ya mji huo, Honolulu Advertiser la tarehe 13 Agosti na Honolulu Star-Bulletin la tarehe 14, yalichapisha habari ya kuzaliwa kwake. Ilikuwa mistari michache tu ya herufi ndogo katika orodha ndefu ya wazazi wa mji: Bwana na Bibi Barack H. Obama, anwani yao, mtoto wa kiume, Agosti 4. Orodha hizo zilitoka idara ya afya ya jimbo, wala si jamaa waliokwenda kulipia tangazo. Tena mwishoni mwa mwezi huohuo ofisa wa uhamiaji mjini Honolulu, aliyekuwa akichunguza kibali cha masomo cha Barack Obama mkubwa, aliandika katika faili kwamba mwanafunzi huyo amepata mtoto aliyezaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti. Ofisa huyo hakuwa na haja ya kumpendeza mtu yeyote. Alikuwa akimtilia shaka baba, na mtoto alimtaja kwa kupita tu.

Cheti kifupi kilitolewa hadharani Juni 2008, na kile kirefu kikatolewa na Ikulu ya Marekani tarehe 27 Aprili 2011, baada ya Donald Trump kulivalia njuga suala hilo kwa wiki kadhaa katika televisheni. Kati ya tarehe hizo mbili, mkurugenzi wa afya wa Hawaii, Chiyome Fukino, alitamka Oktoba 2008 na tena Julai 2009 kwamba ameiona kwa macho yake kumbukumbu ya asili. Mama huyo aliteuliwa na gavana wa chama cha Republican, yaani chama pinzani kwa Obama.

Sasa swali ambalo sijaona likiulizwa hapa kwetu: kwa nini uvumi huu ulihitaji Mombasa? Baba yake Obama ni mtu wa Nyanza. Alizaliwa upande wa Kendu Bay na kukulia Nyang'oma Kogelo, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Hakuna ukoo wake unaojulikana kuwa na makazi Mombasa. Ilibidi basi itungwe safari. Katika kesi iliyofunguliwa Pennsylvania mwaka 2008, ambayo mahakama iliitupilia mbali, ilidaiwa kwamba mama yake, Stanley Ann Dunham, alikuja Kenya akiwa na mimba kubwa, akakataliwa kupanda ndege ya kurudi kwa sababu ya hali yake, akajifungua hapa, kisha akakimbilia Hawaii kumwandikisha mtoto. Mtu atafakari: binti wa miaka 18, mkewe mwanafunzi anayeishi kwa msaada wa masomo, avuke nusu ya dunia kwa ndege za mwaka 1961, za kushuka na kupanda kituo baada ya kituo, aje kujifungulia katika mji asiomjua mtu, na asiache alama yoyote nyuma yake. Na huku Kenya mumewe tayari alikuwa na mke mwingine na watoto.

Sababu yenyewe ya kutunga safari hiyo ni ya kisheria. Katiba ya Marekani inamtaka Rais awe raia wa kuzaliwa. Mtoto akizaliwa Honolulu, hana haja ya kutazamwa wazazi wake. Akizaliwa nje, kwa sheria ya wakati ule, mzazi mmoja aliye raia alipaswa awe ameishi Marekani miaka 10, na mitano kati ya hiyo iwe baada ya kutimiza umri wa miaka 14. Ann Dunham alizaliwa Novemba 1942. Agosti 1961 alikuwa bado hajatimiza miaka 19, kwa hiyo hesabu ya mitano isingetimia. Hapo ndipo ilipo shabaha ya uvumi wote. Kumhamishia mtoto Makadara kulikusudiwa kumvua uraia wake. Kuupa mji wetu sifa hakukuwamo katika hesabu hiyo hata kidogo.

Nije kwenye picha inayosambazwa. Karatasi hiyo ilijitokeza Agosti 2009, ikawasilishwa katika mahakama ya California na wakili Orly Taitz. Itazameni vizuri. Juu imeandikwa Jamhuri ya Kenya, na imetiwa tarehe ya Februari 1964. Kila mtoto wa shule ya msingi hapa nchini anajua Jamhuri iliingia tarehe 12 Desemba 1964. Mwezi Februari tulikuwa nchi huru ambayo mkuu wake wa dola bado ni Malkia wa Uingereza. Kisha baada ya siku chache tu kikapatikana cheti halisi cha mtu wa Australia Kusini, chenye mpangilio uleule, kitabu nambari ileile na ukurasa uleule. Aliyeghushi alichukua cheti cha Australia akabadilisha majina, na historia ya nchi aliyoisingizia hakuijua.

Nitasimama kidogo hapa, maana hata baadhi ya waliokanusha wamekosea, na kosa lao linatuhusu sisi watu wa Pwani. Wameandika kwamba mwaka 1961 Mombasa haikuwa Kenya bali Zanzibar. Hiyo ni nusu ya kweli. Ukanda wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, lakini tangu mkataba wa 1895 Waingereza ndio waliouendesha kwa kumlipa Sultani kodi ya kila mwaka, na kuanzia 1920 nchi yote iliitwa rasmi Koloni na Himaya ya Kenya: koloni ni bara, himaya ni huku kwetu. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Ngome ya Yesu, lakini makaratasi ya serikali yalitoka kwa Waingereza. Mwaka huohuo wa 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza hatima ya Mwambao, nao wazee wetu walikuwa wakivutana kama tubaki na Kenya, tujitenge au turudi kwa Sultani. Makubaliano yakafikiwa Oktoba 1963, na ukanda ukaingia Kenya pamoja na uhuru wa tarehe 12 Desemba. Mtu aliyezaliwa Mombasa siku ile ya Agosti angezaliwa katika Himaya ya Kenya, na karatasi ya kweli ingelionyesha hivyo.

Sasa niseme lililonifanya nikose usingizi. Sisi hapa tunajua maana ya kutakiwa uthibitishe ulikozaliwa. Kwa miaka mingi kijana wa Mji wa Kale mwenye jina la Kiarabu alipokwenda kuomba kitambulisho, aliambiwa alete cheti chake, cha baba yake, na cha babu yake, kisha akae mbele ya kamati apigwe msasa na kuulizwa lugha ya nyumbani na jina la mzee wa mtaa. Mwenzake mwenye jina la bara aliingia na kutoka. Mpwa wangu alirudishwa kwa ajili ya cheti cha babu aliyezaliwa zama ambazo vyeti kwa watu wa rangi yetu vilikuwa nadra. Wamakonde wameishi Kwale tangu kabla ya uhuru na hawakutambuliwa mpaka 2016, baada ya kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi. Wapemba walingoja hadi 2023. Hakuna kati ya hao aliyeulizwa maswali yale kwa sababu ya alichokitenda; waliulizwa kwa sababu ya majina na sura zao. Obama naye alitoa cheti, akaambiwa ni kifupi. Alipotoa kirefu akaambiwa kimeghushiwa. Huo ndio mchezo tunaoujua. Itakuwaje tuusambaze kwa furaha?

Kibokoni:

Maalim, Mungu akulipe kwa kazi hii. Hata hivyo kuna mawili hukuyagusa, na ndiyo yanayotajwa zaidi barazani. La kwanza, ile kanda ambamo nyanya yake wa Kogelo, marehemu Mama Sarah, anasikika akisema alikuwapo mjukuu wake alipozaliwa. La pili, viongozi wetu wenyewe na magazeti yetu yalisema Obama ni mzaliwa wa Kenya. Je, hao nao walighushi?

Mwanamvita:

Ndugu yangu Kibokoni, umeuliza vizuri, na ninakuomba uvumilie jibu refu.

Mazungumzo yale na Mama Sarah yalifanyika Oktoba 2008 kwa simu. Aliyepiga ni mhubiri wa Marekani, na aliyepokea ni ajuza aliyezungukwa na watu, akizungumza kupitia mkalimani. Aliulizwa kama alikuwapo, na mkalimani akaitikia kwamba ndiyo. Kanda inayosambazwa hukatwa hapo. Kanda nzima inaendelea, na mhubiri anapouliza kwamba basi alizaliwa Mombasa, wa upande wa Kogelo wanasahihisha mara moja na kurudia kwamba alizaliwa Marekani, huko Hawaii. Mtu aliyeikata alijua anachokikata. Na tukumbuke kwamba Mama Sarah alikuwa mke wa Hussein Onyango, lakini mamake mzazi Obama mkubwa ni mwingine, Akumu Habiba. Mama Sarah alifariki Machi 2021, na sioni vema maneno yaliyokatwakatwa ya mama wa watu yaendelee kutumiwa kumshuhudia uongo.

Ama viongozi na magazeti, ni kweli. Juni 2004 gazeti moja la Nairobi liliandika katika kichwa cha habari kwamba Obama mzaliwa wa Kenya yuko karibu kuingia Seneti. Habari yenyewe ilitoka shirika la habari la Marekani ambalo halikuwa na maneno hayo, yakaongezwa huku. Machi 2010 James Orengo, akiwa Waziri wa Ardhi, alimtaja Bungeni kama kijana aliyezaliwa hapa Kenya, wakati akieleza jinsi taifa linavyoweza kukubali watu wa asili mbalimbali. Wakenya walipomtaja Obama kuwa ni wetu walikuwa na fahari. Serikali ya Mwai Kibaki ilitoa hata siku ya mapumziko, Novemba 6, 2008. Kusema fulani ni mtoto wa Kenya ni desturi yetu, tunamaanisha ukoo. Lakini maneno ya fahari yalipofika ng'ambo yaligeuzwa ushahidi wa mahakamani dhidi ya mtu tunayemsifu. Nitaongeza na kijitabu cha wakala wa vitabu wa New York cha mwaka 1991, kilichoandika kwamba mwandishi huyu amezaliwa Kenya. Aliyekihariri alikiri mwaka 2012 kwamba kosa lilikuwa lake na kwamba Obama hakumpa habari hiyo.

Nyuki wa Kisauni:

Mimi sitaki kubishana na wasomi, lakini marehemu mjomba wangu alikuwa mhudumu pale Makadara, naye alitusimulia kwamba wakati wa uchaguzi wa 2008 walikuja watu na gari kubwa, wakaingia chumba cha kumbukumbu, na daftari la wodi ya wazazi la mwaka 1961 halikuonekana tena. Mzee yule hakuwa mwongo.

Mama wa Tononoka:

Mwanangu Nyuki, Mungu amrehemu mjomba wako. Simwiti mwongo hata mimi. Nimefanya kazi ya kutunza kumbukumbu katika hospitali ya umma hapa Pwani mpaka nikastaafu, na nitasema ninalolijua kwa mikono yangu.

Daftari la wodi si cheti. Muuguzi huandika jina la mama, saa, jinsia na uzito wa mtoto, na jina la aliyezalisha. Kisha taarifa ya kizazi hujazwa katika fomu nyingine, ambayo huenda kwa msajili wa vizazi na vifo, ofisi iliyo nje ya hospitali kabisa. Msajili ndiye mwenye cheti. Mtu akiiba daftari la wodi, cha msajili kimebaki. Na mtu akitaka kufuta kizazi cha kweli, lazima aende ofisi mbili au tatu. Tena madaftari ya zamani hupotea bila wezi. Nimeyaona yaliyooza kwa maji ya mvua, yaliyoliwa na mchwa, na mengine ambayo karatasi zake zilitumiwa kufungia mizigo. Kukosekana kwa daftari la mwaka wowote ule wa ukoloni hakunishangazi, na hakuwezi kuthibitisha jina ambalo hakuna aliyelisoma ndani yake.

Kuna jingine ambalo vijana hamlijui. Mwaka 1961 hospitali zilikuwa zimegawanywa kwa rangi. Wazungu walikuwa na hospitali yao, ile ya Katharine Bibby karibu na Ngome, Wahindi na zao, na Waafrika na zao. Mzungu wa Marekani aliyeshikwa na uchungu mjini hapa asingepelekwa katika wodi ya akina mama wa Kiafrika. Na kama angepelekwa, kila mkunga, kila mfagiaji na kila mama aliyelala kitanda cha pili angelikumbuka jambo hilo maisha yake yote. Mji huu ulikuwa mdogo. Miaka yote niliyokaa na wakunga wakongwe, sikusikia habari hiyo mpaka iliposemwa na Wamarekani.

Nyuki wa Kisauni:

Nimekusikia, mama. La wodi kugawanywa kwa rangi sikulifikiria kabisa.

Msafiri wa Likoni:

Naomba nami niongeze swali. Mkurugenzi wa afya wa Hawaii aliyeidhinisha kutolewa kwa cheti kirefu, Loretta Fuddy, alikufa katika ajali ya ndege Desemba 2013, na abiria wenzake wote wakapona. Hilo nalo ni bahati mbaya tu?

Mwanamvita:

Ndugu Msafiri, ndege ile ndogo ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Molokai ikiwa na watu tisa. Wanane walinusurika, naye akafa, akiwa majini amevaa jaketi la kuokolea maisha, na uchunguzi ulisema mapigo ya moyo wake yalivurugika. Alikuwa na miaka 65. Cheti kilikuwa kimeshatolewa zaidi ya miaka miwili kabla, na dunia nzima ilikuwa imekisoma. Kifo chake kingemficha nani nini?

Nakuomba uangalie njia ya hoja hii. Aliye hai akithibitisha, husemwa amenunuliwa. Akifa, husemwa amenyamazishwa. Daftari likiwapo ni la kughushi, lisipokuwapo limeibwa. Hoja iliyojengwa hivyo haina ushahidi wowote unaoweza kuiangusha, na kwa sababu hiyo imedumu. Wala si mpya: Chester Arthur, Rais wa miaka ya 1880, alisingiziwa na wakili mmoja kwamba amezaliwa Kanada. Lakini John McCain, mpinzani wa Obama mwaka 2008, alizaliwa kweli nje ya majimbo ya Marekani, katika eneo la Mfereji wa Panama, na Seneti ilipitisha azimio la kumtambua bila kelele. Hata waliomfungulia kesi hawakupata wafuasi kama wa uvumi huu wa Obama. Tofauti ya watu hao wawili mnaijua.

Trump mwenyewe, baada ya kuuendesha uvumi huu kwa miaka mitano, alisimama Septemba 16, 2016 na kutamka kwamba Obama alizaliwa Marekani. Hakuomba radhi. Walioamini uvumi huo hapa kwetu bado wanaisambaza picha ileile ya kughushi.

Kibokoni:

Nimeridhika kwa Mama Sarah. Limebaki moja, na ninaliuliza kwa nia njema: mtu akitaka kusema kwa haki kwamba Obama ni mwenzetu, aseme nini?

Mwanamvita:

Aseme kwamba baba yake ni Mkenya. Hilo ni kweli na halihitaji Makadara. Kwa kupitia baba huyo, Obama alizaliwa akiwa pia raia wa Uingereza na makoloni yake. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 akawa raia wa Kenya akiwa mtoto wa miaka miwili, na uraia huo ukakoma alipokuwa mtu mzima, kwa sababu Katiba yetu ya zamani haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo aliyesema Obama aliwahi kuwa raia wa Kenya hakukosea. Kogelo ni kwao kwa ukoo. Alifika huko kabla ya kuwa mtu mashuhuri, akafika akiwa Seneta mwaka 2006, na akafika tena mwaka 2018. Alipokuja Nairobi akiwa Rais, Julai 2015, aliligusa suala hili katika dhifa ya Ikulu, kwamba wako wanaodhani amekuja kutafuta cheti cha kuzaliwa, na akasema sivyo.

Mama wa Tononoka, nina ombi kwako na kwa kila mwenye wazazi waliozaliwa mjini hapa. Mwenye cheti halali kilichotolewa Mombasa kati ya 1961 na 1964 akipige picha, aifiche sehemu yenye majina na nambari, na aweke hapa kichwa chake tu, ili watu wakilinganishe na kile kinachozunguka kwenye simu. Changu nitakitafuta katika sanduku la marehemu mama na kukiweka kesho baada ya Alasiri.

Mama wa Tononoka:

Ninacho cha dada yangu, amezaliwa 1962. Nitamwomba ruhusa kwanza.